Mafuta Yasiyo na Harufu

11 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaitikia "ehe, ehe" na kumbe hujasikia hata neno moja, baba amenisimulia. Masikio yako yaliliwa na mashine za kufulia za hospitali, basi tuandikiane. Mgongo wa baba vipi? Mwambie baiskeli zina spea, mgongo hauna.

Mimi nina miezi miwili sasa kiwandani. Baba nilimwambia natengeneza vioo vya simu, naye akaenda kutangaza kwamba nakata vioo. Sikati kioo chochote. Vioo vyetu ni vile ambavyo havina taa nyuma, kila kitone kinawaka chenyewe. Kuna unga, wanasema ghali kuliko dhahabu, unawekwa kwenye vikombe vidogo ndani ya tangi lililonyonywa hewa yote. Vikombe vinapashwa moto mpaka unga unageuka mvuke. Huko juu kioo kimelazwa kifudifudi, na chini yake kuna bati jembamba kuliko karatasi, limetobolewa matundu mamilioni kwa mamilioni. Tunaliita chekeche. Mvuke unapita kwenye matundu unaganda kwenye kioo, nyekundu mahali pake, kijani mahali pake, buluu mahali pake. Chekeche likilegea hata nusu ya unene wa unywele, nyekundu inaingilia kijani, na kioo hicho ni cha kutupa.

Kazi yangu ni kuvuta chekeche likaze kwenye fremu, kisha kulikagua kwa hadubini tundu kwa tundu. Anayenifundisha ni dada mmoja tunamwita Mama Pacha. Ametoka likizo ya uzazi wiki mbili zilizopita, mapacha wana miezi mitatu, na anaweza kusinzia akiwa amesimama. Lakini akilinyanyua chekeche mbele ya taa anakuambia upande gani umelegea kabla mashine haijasema.

Shida yangu ni mikono. Hewa ya mle ndani imekaushwa mpaka mdomo unanata kwenye meno. Glavu jozi mbili kwa saa nane, na kunawa kwa spiriti kila ukiingia na kutoka. Vidole vimepasuka, dole gumba la kulia linatoa damu nikifunga kifungo. Kujipaka kitu ni marufuku, si mafuta, si poda, si manukato, hata ya nywele. Nimetia sahihi. Kuna losheni ya kiwanda tunayopewa, ni sawa na kujipaka maji.

Nimechoka, lakini kazi ndiyo hii. Wasalimie wote.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama ilikaliwa na mtu mnene, lakini imesomeka. Baba yako hajambo, yaani ana maumivu yale yale anayokataa kuyapeleka hospitali. Nimemsomea hayo ya spea, akacheka sana, halafu akainama kunyanyua baiskeli ya watu. Paa la jikoni tumeziba. Jirani mshona viatu anakusalimu, anauliza kama huko mnatengeneza na vioo vya miwani, nimemwambia akome.

Habari za mvuke na chekeche nimezisoma mara mbili. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nikaelewa kwamba wewe kazi yako ni kuchekecha bila kukung'uta. Sawa, mradi wanakulipa.

Sasa mikono. Nisikilize mimi niliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, sabuni ile ilikuwa inakula mpaka kucha. Nimekuandalia kopo. Ni nta ya nyuki na mafuta niliyoyachuja mara tatu kwa kitambaa, sijatia manukato hata chembe. Paka asubuhi kabla hujavaa, kaa kidogo yaingie, ndipo uvae hizo glavu zako. Najua umesema mmekatazwa. Mimi pia nilikatazwa kukaa chini saa za kazi, na nilikaa. Hayana harufu, nani atajua?

Kula. Maandishi yako yamekonda.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kopo limefika salama, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nimefunga vifungo vyangu mwenyewe bila kuuma meno. Siku nne tu nyufa zikaanza kufumba. Mungu akuweke. Napaka asubuhi kule bwenini nikiwa nimewageuzia wenzangu mgongo, nasubiri kama ulivyosema, halafu naenda.

Baba aache ubishi aende akapimwe. Mwambie nimesema mimi, siyo wewe, labda atasikia.

Kazini nimeanza kuaminiwa. Kumbe chekeche halivutwi likae sawa, linavutwa likosee kidogo, kwa sababu ndani ya tangi joto litalipanua. Ukilivuta sawa hapa, kule litakuwa limekosea. Mama Pacha alinieleza hivyo mara tano bila kubinua mdomo wala kunipandishia sauti. Wiki iliyopita nilikunja moja, likabaki na kovu katikati. Msimamizi alipokuja kuuliza nani, Mama Pacha akajibu, "Sisi." Basi. Msimamizi akaandika "sisi" akaondoka. Nilitaka kumshukuru, akaniambia nimshukuru kwa kutokunja jingine.

Mwanao


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Barua zako mbili nimezipata. Nimefurahi baba hatimaye amepimwa, na huo mkanda wa mgongo auvae, asiutundike ukutani kama picha.

Hapa mambo hayakuwa mazuri. Kioo kikishapakwa rangi zake kinafunikwa utando juu ya utando, kwa maana unyevu au grisi kidogo tu inaua vile vitone. Ubaya ni kwamba haiviui siku hiyo. Kila kundi la vioo tunalipeleka chumba cha joto vikawashwa wiki sita mfululizo, tunakiita chumba cha uzee. Mwanzoni mwa Aprili vioo vikaanza kutoka huko na madoa meusi. Leo kama ncha ya kalamu, wiki ijayo kama punje ya mchele. Mamia ya vioo.

Wakafuatilia namba za fremu nyuma mpaka zikafika meza ya tatu na ya nne. Ya tatu ni ya Mama Pacha, ya nne ni yangu, na fremu tulikuwa tunazishika sote wawili. Tukaitwa kikao, tukakaguliwa, makabati yakafunguliwa. Kwenye kola ya blauzi ya Mama Pacha wakakuta poda ya watoto. Akawaambia blauzi hiyo haiingii ndani, anaivua getini kama sisi wote, na kwamba mtu mwenye watoto wawili wachanga atakosaje poda. Wakamsimamisha kazi wakati uchunguzi unaendelea. Wiki sita zikapita, na vioo vyote vilivyotengenezwa tangu siku alipoondoka vikatoka safi kabisa. Juni mosi wakamfukuza. Hata barua ya kumpendekeza kwingine hawakumpa.

Sasa meza ya tatu wameleta binti mgeni, namfundisha mimi.

Mafuta usitume tena. Mikono imepona.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tuko, baba yako anauvaa mkanda juu ya shati ili watu wamwonee huruma.

Huyo dada wa mapacha nimemsikitikia. Kufukuzwa kazi na vichanga viwili, we acha tu.

Lakini wewe nakujua tangu unaota meno. Ukiniandikia kwa kirefu kuhusu watu wengine, ujue umeficha kitu. Na mkono uliopasuka vile hauponi ukapona jumla katika hewa hiyo hiyo, na glavu hizo hizo. Mimi mpaka leo, miaka saba tangu niache kufua, bado napaka. Mikono yako imepona kweli? Nijibu hilo tu, habari za hali ya hewa niachie mimi.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Haijapona. Imerudi kupasuka vile vile, naandika nimefunga dole gumba kitambaa.

Niliacha kupaka siku ya kile kikao, kwa kuogopa kukaguliwa tena tu. Mama Pacha alisimamishwa siku mbili baadaye. Kwa hiyo vioo vilivyotoka safi baada ya yeye kuondoka ni vioo vilivyotoka safi baada ya mimi kuacha mafuta yaliyokuwa yanapenya glavu. Umeelewa? Nilivyoacha, ndivyo nilivyomfunga. Kama ningeendelea kupaka kwa ujinga wangu, madoa yangeendelea na wao wangeona kwamba si yeye.

Nimelijua hilo Juni, matokeo yalipobandikwa ukutani. Nilikuwa nasoma karatasi huku mwenzangu mmoja ananiambia, "Unaona, kumbe alikuwa yeye kweli," na mimi nikaitikia. Sikuwa hata nimeulizwa. Niliitikia tu, kama wewe kwenye simu.

Sili vizuri. Nikilala naota nimekosea kuhesabu matundu. Kopo bado liko chini ya godoro, limebaki robo.

Niambie nifanye nini.

Mwanao


16 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Baba yako sikumsomea, nilimwambia umesalimia.

Nyamaza. Ndilo jibu langu, na usinione mbaya. Yule kashafukuzwa. Ukisema, hawatamrudisha, watafukuza na wewe, na badala ya mwanamke mmoja asiye na kazi tutakuwa na wawili. Kiwanda cha namna hiyo ni kimoja, wakishakuandika vibaya utaenda wapi na hayo maarifa ya chekeche, utaenda kuchekecha nini? Wewe ni wa kwanza kwetu kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Fanya kazi, pumzika, haya mambo yatapoa.

Mshona viatu amepata miwani. Haioni.

Shangazi yako


3 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, na kitu kimoja nimekiona. Kurasa mbili nzima hukuyataja mafuta. Sikulaumu, niliyejipaka ni mimi na niliyetia sahihi ni mimi. Ila nimeona.

Sikunyamaza. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia ni mimi, nikamweleza kila kitu, kopo, nta, mpaka siku nilizopaka. Alinisikiliza vizuri, hata akanipa kiti. Kisha akaniambia ripoti ilishapelekwa kwa wanunuzi, chanzo kilishapatikana, kimeondolewa, na vioo ni safi. "Sasa unataka niwaandikie tena kwamba tulikosea kutafuta kosa?" Nikamwambia mtu amefukuzwa bure. Akasema, "Dada, umechoka. Chukua siku mbili ukalale." Na kweli nilikuwa nimechoka, nusura nizichukue.

Basi nimefanya kitu kingine. Maneno yangu hayana uzito, vioo ndivyo vinavyoaminiwa hapa. Jumatatu nimepaka mafuta tena, asubuhi moja tu, na nimeandika pembeni namba za fremu nilizozishika siku hiyo. Nyingine nilizikwepa makusudi, alizishika binti mgeni. Baada ya wiki sita, madoa yakitokea kwenye namba zangu na si pengine popote, hakuna wa kuniambia nikalale.

Namba hizo nimeziweka kwenye bahasha ya rejista, inakuja kwako peke yake, ina muhuri wa posta wenye tarehe. Hapa siwezi kuiacha, kila karatasi inapita kwa msimamizi, naye akiziona leo ataziondoa fremu hizo na mchezo umekwisha. Usiifungue. Ikifunguliwa watasema namba ziliandikwa baadaye. Nikikuambia, mtumie mhandisi wa vipimo, nimeandika anwani ya nyumbani kwake nyuma. Huyo hana urafiki na mtu, ana urafiki na vipimo vyake.

Nakutegemea wewe peke yako kwa hili.

Mwanao


25 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anaendelea, ameanza tena kunyanyua vitu, mimi nimeshachoka kusema.

Hiyo ya rejista haijafika. Posta ya hapa unaijua, karani anaweza kukaa na mzigo wa mtu mpaka aukumbuke. Labda imepotea, na kama imepotea labda ni heri. Mwanangu, fikiria tena. Umesoma kwa shida, umefika hapo kwa shida, halafu ujitie kitanzi mwenyewe kwa ajili ya fremu tatu? Hata mwizi hajipeleki polisi na risiti mkononi.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Shangazi yako


14 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo.

Sikukuambia kwamba ni tatu.

Madoa yametokea leo. Fremu tatu, vioo vyake vyote, na kwingine hakuna hata kimoja. Niliviangalia kwenye hadubini mwenyewe. Unajua nilisikia nini? Raha. Vioo vizima nimeviharibu na nikasikia raha.

Sasa wanamwandama binti mgeni wa meza ya tatu, kwa kuwa daftari halionyeshi nani kati yetu alishika fremu ipi, na yeye ndiye mgeni. Ana miaka ishirini na moja, ameanza kulia chooni. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi ajieleze, na hana cha kujieleza. Nimerudi tena kwa msimamizi, hata kiti hakunipa.

Kama umeichoma, niambie umeichoma, nijue. Kama unayo, itume. Sina nguvu ya kugombana na wewe, shangazi, nguvu zote zimeishia huku.

Mwanao


22 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Ninayo. Yaani nilikuwa nayo mpaka jana, jana nimeipakia kwenye basi kwa mkono wa dereva, imeenda moja kwa moja kwa huyo mhandisi wako. Nimemwambia dereva asipoifikisha nitakaa pale kituoni kila siku mpaka afe.

Nieleze, maana ukweli utanitoka tu. Bahasha ilifika mapema, tarehe tisa mwezi wa tisa. Niliishikilia kwenye mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, nikasoma, nikaibandika tena kwa uji wa unga mwembamba. Hospitali tulikuwa tunafungua hivyo bahasha za mishahara kuona nani kaongezwa. Imekaa vizuri, hata wewe usingejua, ingekuwa siyo mdomo wangu. Nilifungua nikitumaini umeandika kitu kingine, sijui nini. Nikakuta namba tatu na jina lako. Nikaiweka ndani ya pipa la unga, nikawa nakuandikia uongo.

Mafuta ni mimi. Nilisoma kwamba yamekatazwa, nikayachuja, nikayatuma, nikakufundisha na namna ya kuyapaka. Sikuyataja mwezi wa nane kwa sababu nilikuwa nikiandika neno hilo mkono unasimama. Huyo dada ana vichanga, na mimi nilikuwa nakwambia hayo mambo yatapoa. Yapoe wapi?

Kwa mhandisi nimeandika karatasi yangu pia, nimetia sahihi, nimeweka na mafuta kidogo kutoka sufuria ile ile, yalikuwa yamebaki. Sikumwambia habari ya birika. Hilo ni letu.

Baba yako nimemwambia yote. Aliniuliza tu kama chumba chako kimefagiliwa.

Shangazi yako


12 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie baba asifagie tena, nakuja Jumamosi.

Mhandisi aliifungua bahasha mbele ya watu watano, akiwa amevaa glavu, akailinganisha na daftari la vioo, akasema namba zinakubaliana. Halafu akasema tena, kwa sauti ile ile. Msimamizi alikuwa anaangalia dirisha. Ile grisi ya kwenye kioo waliipima, wakaipima na ya kwako, ikawa ni moja. Mhandisi aliniuliza kama umewahi kusomea kazi ya dawa, maana alishangaa ulivyoichuja. Nikamwambia ulikuwa dobi.

Binti mgeni wamemwacha. Mimi wamenifukuza siku hiyo hiyo, kwa mafuta ya kwanza na kwa fremu tatu, na hawakukosea. Mama Pacha wamemwandikia arudi kazini, wameandika kwamba wanasikitika. Mstari mmoja.

Nilimkuta getini leo asubuhi. Mimi nilikuwa nimekuja kurudisha kitambulisho, yeye anaingia zamu yake ya kwanza. Amepungua sana, sikumtambua mpaka alipoita jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimelala nayo wiki nzima. Hakutukana. Aliniambia amesikia ni mimi niliyesema, na ni mimi niliyefanya. Nikaitikia. Akaniuliza swali moja tu, "Ulijua lini?"

Nikamwambia, "Aprili."

Akawa anahesabu kwa vidole, nikaona midomo inatembea. Akasema, "Aprili walikuwa bado wananyonya. Mei maziwa yalikatika. Nesi alisema ni mawazo, nisiwaze. Huyu mdogo mpaka leo hajarudisha uzito wake." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesoma namba za fremu. Kisha akaangalia saa, akasema anachelewa, akaingia.

Kwenye maelezo niliyoandika ofisini nimesema nilijua Juni. Wewe pia nilikuandikia Juni. Ni Aprili, shangazi. Nilijua pale pale kwenye kikao, wakati wanaikung'uta blauzi yake mezani na yeye ananiangalia mimi nimsaidie kusema.

Mwanao